Kila Mufuko na Kamba Yake

Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa tisa 2025

Aimée amerudi saa sita, jua kichwani, viatu mukononi, anacheka peke yake njiani. Nikafikiri: ao kuna mutu amekufa akamurithisha, ao kuna bwana amekuja kuchumbia. Hapana. Karatasi! Karatasi yenye muhuri. Mutoto yangu ameitwa kuandikia Conseil.

Sikuelewa kitu. Akakaa pembeni ya mbabula, jiko yangu ya makala, mimi niko nageuza ndizi za makemba, akanielezea pole pole kama sista alivyonifundisha a-e-i-o-u. Conseil iko baraza ya watu kumi na wawili. Maingénieur, maprofesa, mukulima mumoja, sista mumoja pia. Waziri anawauliza: nchi itoe wapi nguvu ya kupikia, ya kuwasha taa, ya kusaga mihogo, kwa miaka makumi mbili? Wao wanazunguka, wanauliza watu, wanafikiri, wanaandika. Hawaamuru. Wanashauri tu. Na safari hii wanakuja kwetu, Kisangani!

Nikauliza: mukubwa kama waziri anashauriwa? Aimée: "Mama, hata wewe Papa anakushauri." Nikamwambia hapana, mimi njo namushauri Papa, naye anaamuru kile nilichosema. Tumecheka mpaka makemba ikaungua upande moja.

Nimegusa ule muhuri kwa kidole. Kisha nikaogopa—nimepanguza kidole kwa kitenge, juu mikono yangu iko nyeusi tangu zamani, haitakati hata kwa limau.

Neno mupya la leo: nishati. Aimée anasema ndani yake muko makala yangu, muko essence ya pikipiki, muko maji ya barrage yenye kutoa umeme, muko hata jua. Neno moja! Na mimi nilifikiri nauza makala tu.


Jumatano, tarehe 10

Soko. Mvua asubuhi. Makala yenye kulowana inanuka kama mubwa.

Mahmoudi na wenzake wamefika na baiskeli kutoka njia ya Bengamisa, mifuko tatu kwa kila baiskeli, wanasukuma kwa miguu. Mahmoudi anasema zamani alitoka asubuhi akafika magaribi. Sasa wanalala njiani mara mbili. "Pori inatukimbia, Mama Aimée." Kabla ya kushusha mifuko, alichukua kamba zake, kama kila Jumatano. Mufuko ya makala inakuja imeshonwa mudomo kwa kamba ya kekele. Ile kamba iko kazi kuitafuta porini, kuipasua, kuilainisha. Sisi tunafungua fundo, hatukati. Tunatundika kwa musumari. Juma ikiisha anazihesabu: mufuko moja, kamba moja. Ikipungua moja, juma ijayo analeta mufuko moja pungufu. Hagombani. Njo desturi, ya baiskeli na ya mutumbwi. Hata mwizi wa soko hagusi kamba ya kekele.

Nimemwambia Marthe habari ya Aimée. (Marthe, jirani yangu wa meza. Yeye wa Yanonge, makala yake inakuja kwa mutumbwi, na mudomo yake inakuja kwa mutumbwi kubwa zaidi.) Akapiga mikono. "Mwambie mutoto aandike: Mama Marthe anaomba courant ya umeme, na frigo, na bwana mupya. Afuate ordre, vile nilivyozipanga."

Kisha akauliza: wale vijana wa gilet bleu, wenye visibao vya buluu, wale wa mwezi wa sita, waliopita wanahesabu mifuko—si njo walikuwa wa Conseil hiyo?

Nikasema hapana, wale walikuwa wa taxe, wa kukusanya kodi.

"Nani alikuambia?"

"Walikuwa na bic!"

Marthe akacheka, mimi pia. Lakini tangu saa ile narudia lile swali lake peke yangu.

Sababu hapa sokoni tuko na sheria moja, haijaandikwa fasi yoyote. Mutu akikuja na bic, kalamu mukononi, mwambie nusu. Mama mukwe alinifundisha juma ya kwanza nilipofika kutoka Butembo, bibi-arusi, hata njia ya kisima sijajua. Uko na mifuko kumi? Sema tano. Uko na watoto sita? Sema tatu, wengine wako kwa shangazi. Anayeandika hajawahi kuleta kitu, anachukua tu. Na mimi sasa njo présidente wa wamama wa makala. Siku ile ya gilet bleu nilipita meza kwa meza, najifanya natafuta chumvi, nikasema neno moja tu: nusu.

Wote walinielewa. Hakuna aliyeuliza nusu ya nini.


Jumapili, tarehe 14

Ee Mungu.

Niandike pole pole. Tumetoka misa. Lituma ya ndizi na samaki. Paluku, bwana yangu, amelala kwa kiti. Aimée amefungua karatasi zake mezani, anasoma kwa sauti ili nisikie, juu anapenda nisikie. "Kisangani: mifuko elfu tatu ya makala kwa siku."

Mukono yangu ikasimama na kijiko hewani.

Anaendelea. Conseil itaandika liste mbili. Muji wenye kuchoma mifuko zaidi ya elfu tano kwa siku unaingia liste ya kwanza, juu unamaliza pori: mashine mupya kwa barrage, nyaya mpaka mitaa yote, mbele ya miaka tano kuisha. Wengine, liste ya pili. Liste ya pili iko lini? "Miaka kumi na tano, Mama. Labda." Basi sisi tuko ya pili. Amesema hivyo akigeuza karatasi, kama mutu anayesoma matokeo ya mupira.

Nikauliza: hizo hesabu zilitoka wapi?

Zilitoka kwa gilet bleu. Walikuwa wa Conseil! Si wa taxe. Walikuwa wanatuhesabu ili watuletee.

Na mutu aliyekusanya karatasi zote na kuzijumlisha—Aimée. Wakati ule alikuwa stage, anajifunza kazi kule Yangambi, walimutumia karatasi kwa mutumbwi, akafanya tableau, jedwali moja ya hesabu zote. Jina yake iko chini ya tableau. Amenionyesha. Aimée, na jina ya baba yake, herufi za mashine.

"Mimi nilishangaa," akasema. "Niliona ni kidogo. Njo maana nilikuuliza wewe, Mama. Unakumbuka?"

Nakumbuka! Mwezi wa saba, alikuja weekend moja. Alikaa pale pale, karatasi kwa magoti. "Mama, kwa juma moja unauza mifuko ngapi?" Nikajibu: thelathini.

Nauza makumi sita.

Sikufikiri hata kidogo. Ulimi ulikwenda peke yake, kama jicho linavyofunga mavumbi ikikuja. Mutoto niliyemubeba mugongoni kati ya mifuko, aliyejifunza kuhesabu kwa vipande vya makala—alikuwa na bic mukononi, nikamwambia nusu. Sikudanganya mutoto. Nilidanganya bic!

Na yeye akasema moyoni: kama mama yangu mwenyewe anasema thelathini, basi karatasi za soko ziko sawa. Akatia jina.

Paluku ameamuka, anauliza kwa nini samaki imepoa.


Jumanne, tarehe 16

Leo nimeona ndani ya barrage.

Conseil wamefika jana na ndege. Leo walikuwa na visite, wakaalika na watu wa soko, barua ilikuja na jina yangu: Madame Mbambu, présidente. Aimée njo aliyeileta, uso mugumu wa kazi, akasema "Madame" halafu akatoka mbio kucheka.

Miaka makumi mbili na tano nasikia muto Tshopo inanguruma kule chini, mchana na usiku, mpaka sikio ikazoea ikaacha kusikia. Sikuwahi kuingia. Wamenivalisha kofia ya plastiki juu ya kitambaa yangu. Tumeshuka ngazi za chuma. Na kule—sijui niseme namna gani. Sauti haiingii kwa masikio. Inaingia kwa nyayo, inapanda kwa magoti, inakaa kwa tumbo pale mutoto anapokaa. Mashine kubwa kama nyumba yetu, inazunguka, na huoni kitu inachokula. Hakuna moshi. Hakuna majivu! Mimi naangalia chini nitafute majivu.

Mukubwa wa Conseil ni muzee mwembamba, Papa Élie. Viatu vyake vilijaa matope hakujali. Nilimuuliza, ulimi tena, mbele sijafikiri: "Papa, maji ikiisha kufanya kazi inakwenda wapi?"

"Inarudi kwa muto, Mama."

"Imepunguka?"

"Haikupunguka."

"Hata tone?"

Akaniangalia. Hakucheka. "Hata tone, Mama Présidente. Na ile inayopita bure bila kufanya kazi, ni mingi kuliko hii unayoona."

Mimi nikichoma muti, muti imekwisha, imekuwa chakula ya siku moja na kikohozi. Hii maji inafanya kazi ya watu elfu, inatoka muzima, inashuka zake hadi Yangambi kuogesha watoto wa watu. Nani alifikiri hii kwanza? Nani alikaa akaangalia maporomoko akasema: wewe, njoo usaidie?

Kisha Papa Élie akaniuliza mimi. Makala inatoka wapi siku hizi? Nikamwambia ya Mahmoudi: zamani asubuhi hadi magaribi, sasa kulala mara mbili. Akatoa kitabu ndogo mufukoni. Akaandika. Neno yangu! Nimeona mukono yake inakwenda, nimeona "Bengamisa", nimeona "2 nuits". Muzee anayeongea na waziri ameandika kile nilichosema, vile vile, hakuongeza, hakupunguza.

Yeye hakupunguza.

Nilifungua mudomo nimwambie ile ingine. Aimée alikuwa pembeni, bic mukononi, ananiangalia kwa fahari. Nikafunga.


Alhamisi, tarehe 18

Jana Mahmoudi amebeba kamba zake. Makumi sita na moja. Nilizihesabu mara mbili, yeye mara moja.

Nimemwambia Paluku yote. Yuko dukani kwake anapanga misumari kwa ukubwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kwake iko ajabu. Akasema: "Nusu njo ilimusomesha huyu mutoto. Leo unataka kuikana?"

Ni kweli. Kama tungekuwa tunasema yote kwa kila bic, Aimée angekuwa kwa meza ya tatu pale sokoni, anauza kwa debe.

Nikamwambia basi nishauri. Akasema: "Mimi? Wewe njo Conseil ya nyumba hii." Akarudia misumari yake. Lakini nyuma nikasikia anasema peke yake: "Miaka kumi na tano. Nitakuwa nimekufa."


Jumamosi, tarehe 20

Kikao cha watu wote ni Jumanne, kwa salle, ukumbi ya parokia. Kila kundi litasema. Wamama wa makala wako na dakika tano. Dakika tano ni mimi.

Nimemwambia Marthe ninachotaka kufanya: kusimama, kusema elfu tatu iko nusu, tulikata sisi. Na kuleta kamba za kekele, kila mama zake za juma moja. Jumanne musumari iko karibu kujaa, Mahmoudi anazichukua kesho yake. Kamba haisemi nusu.

Marthe aliacha kupima. Sijamuona hivyo hata siku bwana yake alipomutoroka.

"Mbambu." Hajaniita Mbambu tangu zamani, mimi ni Mama Aimée. "Kwa salle ile nani atakaa? Si na yule mukubwa wa taxe ya soko? Atasikia nusu. Juma ijayo anapita na bic yake, anatuomba yote. Mutoto wako atapanda ndege, sisi tutabaki tunalipa tiketi."

Nikasema si kwa mutoto. Kwa mutoto ingekuwa heri ninyamaze.

"Basi nyamaza! Nani anakushurutisha? Tumbo yako inakuuma ukweli, kunywa dawa." Wamama wengine wanasikia, wanajifanya wanachagua vipande. "Na kamba zangu ziko za kufunga majani ya pondu. Usizitaje."

Tumeuza hadi jioni bila kusemezana. Meza mbili zinagusana!

Tukifunga, ameinama anatafuta kiatu chake, akauliza chini chini, bila kuniangalia: "Ile liste ya kwanza... na mutaa wa Mangobo kule kwa mutoto wangu Grâce, nyaya zitafika?" Grâce anashona. Bwana yake alimununulia mashine ya courant, nzuri sana, wanawekea juu yake redio na maua ya plastiki.

Nikasema: Aimée alisoma "mitaa yote".

Akasema "mm". Akaenda.


Jumatatu, tarehe 22

Nimemwambia.

Alikuwa anapiga pasi robe, gauni yake ya bleu, ya kesho. Pasi yetu ya makala, ile ya mama mukwe, yenye jogoo kwa kifuniko. Nilikuwa nachagua makala ndogo ndogo zisizo na moshi namutilia. Nikaona: hata robe ya kukaa mbele ya Conseil inanyooshwa na makala yangu. Nikasema, "Aimée, mwezi wa saba sikukuambia ukweli."

Nilisema yote. Gilet bleu. Chumvi. Nusu. Thelathini.

Pasi iko mukononi. Niliogopa ataunguza robe, nikamupokea pasi pole pole, akaniachia kama mutoto mugonjwa anavyoachia kikombe.

Akatoka nje. Akakaa pale penye mapapai. Mimi ndani, nahesabu rozari, nachanganya mafumbo.

Aliporudi macho yako makavu. Akaniambia kwa sauti ndogo, na Kifaransa imeingia kati kama kila akiogopa: "Mama, kesho usiseme. S'il te plaît. Tableau imekwisha kupigwa muhuri, imekwenda kwa wote kumi na wawili. Jina iko yangu. Watasema huyu mutoto wa muuza makala hajui hata hesabu ya mama yake. Hawataniita tena, mahali popote." Kisha: "Ongea juu ya njia mubaya. Ongea juu ya moshi. Lakini si ile."

Nikasema: "Ndiyo, mutoto yangu."

Nilisema ndiyo! Ningekataa namna gani? Miaka kumi na saba ya masomo, mvua, magoti yangu, viatu vya kuazima. Nani anavunja chungu alichokifinyanga mwenyewe?

Amemaliza robe. Imenyooka vizuri sana. Amelala bila kula.

Mimi nimekwenda sokoni kwa miguu kabla jua haijaingia, nikatoa kamba zangu kwa musumari. Nimeziweka ndani ya beseni, nimefunika na kitenge. Sijui kwa nini. Nimesema ndiyo, na nimechukua kamba. Mungu anisaidie kujua mimi ni nani kati ya hao wawili.


Jumanne, tarehe 23

Niko naandika hapa hapa salle, kitabu kwa magoti. Nisipoandika nitalia, na hapa kuna watu.

Salle imejaa. Wakulima wa Yangambi, wenye pikipiki, wenye mashine za kusaga, mapadri, wanafunzi wanasimama dirishani. Conseil kumi na wawili wako mbele, kitambaa ya kijani mezani, maji ya chupa. Nje groupe, mashine ya kutoa umeme, inanguruma, inakunywa essence, ili ndani tuongee na micro juu ya courant. Papa Élie mwenyewe alisema hivyo, watu wakacheka, mimi pia, beseni ikaruka kwa magoti yangu.

Aimée yuko pembeni ya meza kubwa, meza ndogo, anaandika. Robe ya bleu. Mukubwa wa taxe yuko mustari wa tatu. Amekunja mikono.

Kuna kitu ninachoshangaa tangu asubuhi. Kila mutu anayesema, wanamusikiliza. Hata yule bwana wa mihogo aliyesahau alikuwa anasema nini. Watu kumi na wawili wananyamaza kwa ajili ya bwana wa mihogo! Nilidhani nchi inaendeshwa na sauti kubwa. Kumbe kuna fasi, kule ndani kabisa, ambako watu wanakaa wanauliza: wewe unaonaje? Na wanaandika vile ulivyosema. Na kama ulisema uongo, wanaandika uongo, kwa herufi safi, wanapiga muhuri.

Wakaita: wamama wa makala.

Nimesimama. Nimeomba niseme Kiswahili. Nilianza na njia mubaya, kama nilivyoahidi. Nikasema na moshi. Aimée alikuwa anaandika haraka, kichwa chini, nikaona mabega yake yanashuka, ametulia. Bado dakika mbili. Ningeweza kukaa.

Mashine ile ya barrage ikanijia kwa nyayo. Hata tone.

Nikasema: "Papa, na ninyi wa Conseil. Ile elfu tatu kwa karatasi yenu, ni nusu. Vijana wenu hawakukosea. Aliyejumlisha hakukosea. Tuliwakatia sisi. Mimi njo nilipita meza kwa meza kuwaambia wamama wakate. Hata mutoto yangu aliponiuliza nyumbani, nilimukatia."

Nasikia groupe. Bic ya Aimée imesimama. Mukubwa wa taxe amefungua mikono, anatafuta kitu mufukoni.

Mama mumoja wa Conseil, ingénieur, Madame Clémence, akavuta micro. Hakuwa na hasira, njo ilikuwa vibaya zaidi. "Mama, asante. Lakini mwezi wa sita mulisema moja, leo munasema ingine. Sisi tutashauri waziri kwa neno lipi? Leo pia munajua kwamba yule mwenye nyingi njo anapata. Kwa nini leo isiwe mara mbili, kama siku ile ilikuwa nusu?"

Ana haki! Ana haki kabisa. Nilifunua beseni. Nikaeleza kamba: mufuko moja, kamba moja, inarudi porini, haiongezwi, haipunguzwi, juu Mahmoudi mwenyewe anazihesabu. Nikasema zangu hizi za juma, tangu Jumatano.

Akaangalia beseni. "Hizi ni za mutu mumoja, Mama."

Ni kweli pia. Mutu mumoja, mwongo wa zamani, na beseni.

Nyuma, mulango ukalia. Kelele. Mutu anasukuma wanafunzi: "Pisha, pisha, sina mikono!" Marthe! Beseni kichwani, kamba zinaning'inia usoni kama nywele za muzimu. Nyuma yake mama Lydie, nyuma yake Nadia, na wengine, wengine, wote weusi wa makala, wametoka mezani moja kwa moja. Wameacha soko! Marthe ametua beseni yake mbele ya kitambaa ya kijani, fuu.

"Hatukualikwa," akasema, "lakini tulikuwa tunapita." Halafu akamugeukia mukubwa wa taxe pale mustari wa tatu: "Na wewe, Papa, hesabu pia, si unapenda kuhesabu?" Salle ikapasuka. Mimi sikucheka. Nilimushika mukono. "Usinishike," akasema, "nitakasirika tena." Hakuutoa.

Madame Clémence amechukua kamba moja, anaivuta, ananusa. Amemwangalia Papa Élie.

Papa Élie ametoa veste. Ameiweka kwa kiti. Amezunguka meza, amepiga magoti kwa ciment—muzee yule!—akasema: "Bon. Tuhesabu."

Na wamepiga magoti. Maprofesa. Sista. Watu wanaoitwa na waziri. Sita, saba kati yao wako chini katikati ya kamba zetu, wanafunga kumi kumi, vidole vinageuka vyeusi, mikono ya shati inageuka nyeusi, hawaoni. Wamama wanawaonyesha namna ya kukunja ili isivunjike. "Hapana Papa, pole pole, iko ya kurudisha!" Marthe anamugombeza profesa. Profesa anaomba msamaha. Sijawahi kuona kitu kama hii. Nilipoona maji ile ya barrage nilifikiri nimeona mwisho wa ajabu.

Nimerudi kukaa na kitabu yangu. Beseni yangu imebaki pale mbele. Hakuna aliyeigusa.

Papa Élie ameinua kichwa. "Mademoiselle Aimée. Za Mama Présidente. Hesabu wewe, tafazali. Kwa sauti."

Aimée hajaniangalia tangu niseme. Mara hii pia hakuniangalia. Ameweka bic mezani. Amekuja. Amekunja robe ya bleu kwa magoti, ile tuliyonyoosha jana, amekaa chini, amevuta beseni.

Anahesabu. Kamba moja moja, kama nilivyomufundisha.

Kumi. Anaziweka pembeni. Sauti yake ni ya kitabu, ya kusoma, haina mutu ndani.

Kumi na nane. Kumi na tisa. Makumi mbili.

Madame Clémence amesogea na tableau mukononi, anafuata. Najua kwa tableau ile kuna mustari ya meza yangu. Najua imeandikwa ngapi. Aimée anajua pia.

Makumi mbili na saba. Ameanza kwenda pole pole. Makumi mbili na nane.

Angeweza kuchanganya. Angeweza kusema nimepoteza hesabu, nianze tena. Ningeelewa. Mutoto yangu, ningeelewa.

Makumi mbili na tisa.

Thelathini.

Amesimama. Mukono uko juu ya beseni. Sasa ameniangalia—macho yale yale ya mwezi wa saba, yanauliza.

Amechukua ingine.

"Thelathini na moja."